Bi Chechea na Pigo la Nne

4 Machi, Jumatatu

Daktari amesema presha yangu imepanda, na kwamba nikiona hasira inakuja nisipige kelele, niandike. Nikamwambia, daktari, kwa nyumba yangu mimi daftari litaisha kabla ya mvua. Akacheka. Hakujua kwamba sikuwa natania. Basi nimechukua daftari langu la vipimo vya wateja, nimeligeuza, naanzia nyuma. Mbele ni viuno na mabega ya watu, nyuma ni mambo yangu.

Nyumbani tumebaki watatu. Mimi na cherehani yangu, chumba cha mbele. Mume wangu, ambaye mtaa mzima humwita Fundi na mimi mwenyewe nimezoea hivyo hivyo, anaendesha mashine ya kugonga vitako vya ndoo kwenye karakana ya mabati mtaa wa pili. Na kitindamimba wetu, ambaye tunamwita Kitinda. Kaka na dada zake wana miji yao. Yeye yuko chumba cha nyuma na mlango wake umefungwa.

Hasira ya leo ni hii. Nimemwita Fundi aje anywe chai. Nimemwita tena. Nimemwita kwa jina la utani la ujana wetu, ambalo siliandiki hapa. Mwisho nimegonga meza kwa mwiko mpaka vikombe vikaruka. Akainua kichwa taratibu kama mtu aliyeamshwa.

"Mbona unafoka, mama watoto? Mimi nipo hapahapa."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nimeandika. Presha imeshuka kidogo.

7 Machi, Alhamisi

Mawingu, mvua hakuna. Bibi harusi analalamika gauni linambana kiuno. Vipimo vyake ninavyo hapa mbele. Gauni halijapungua, ni yeye aliyeongezeka.

10 Machi, Jumapili

Mvua ya kwanza, nzuri, ya kuosha vumbi tu.

Nilikuwa napiga pasi. Kutoka chumba cha Kitinda nikasikia sauti ya mtu anayetapika misumari. Kabla sijaweka pasi chini, jirani yetu wa nyuma, muuguzi, akaingia mbio na malapa yake, kanga moja, kifuko cha dawa mkononi.

"Nani anapigwa?"

"Sijui, dada. Twende tukaone."

Tukasukuma mlango. Kitinda alikuwa amesimama juu ya kitanda, kipaza sauti kimefungwa kwenye ufagio, ufagio umechomekwa kwenye ndoo ya mchanga. Pembeni yake kijana mrefu kupita kiasi, ambaye baadaye nimejua wenzake wanamwita Ngongoti, na kweli akisimama anainamisha shingo asiguse dari. Ana gitaa. Gitaa lenyewe linapita kwenye kisanduku kidogo, na kisanduku kinaichana sauti kama ninavyochana kitambaa cha marekani.

"Shikamoo mama. Shikamoo shangazi," akasema Ngongoti, mpole kama maji ya mtungini.

"Marahaba. Nani mgonjwa?" akauliza Muuguzi.

"Hakuna mgonjwa, shangazi. Tunafanya mazoezi ya wimbo."

"Wimbo?" Muuguzi akanitazama, mimi nikatazama dari. "Haya. Kunywa maji ya uvuguvugu na chumvi, mwanangu, la sivyo hilo koo litatoka damu."

Walipoondoka nikamweka Kitinda kitako. Akanieleza huku macho yanamng'aa. Kuna muziki unapigwa huko duniani, kaseti zake zinapita mkono kwa mkono, umetengenezwa na kelele za viwandani. Mashine, vyuma, nyundo, umeme. Ngoma haipigwi na mtu, inapigwa na kisanduku kisichochoka. Na mwimbaji anaimba kama mtu aliyebanwa katikati ya vyuma hivyo, hajui kama anataka kutoka au kubaki.

"Unachukua kelele, mama, halafu unaipanga."

"Kwani kelele za humu ndani hazitoshi?"

"Ndizo hizo hizo tunazozitaka," akasema, na hakucheka.

Debe tupu haliachi kuvuma. Nimempelekea maji ya chumvi.

13 Machi, Jumatano

Mvua. Nguo hazikauki. Nyumba nzima inanuka sabuni na unyevu.

19 Machi, Jumanne

Chakula cha jioni leo kimepoa mezani kwa sababu ya mashine.

Fundi alirudi kimya. Nilipomchokoza akasema Tajiri, yaani mwenye karakana, ameagiza mashine mpya, na Bi Chechea ataondolewa mvua zikiisha. Bi Chechea ndiyo mashine ya Fundi. Amekaa naye kuliko alivyokaa na wanawe. Anaitwa hivyo kwa sababu anachechemea: bushi moja, ile pete ya chuma inayoshika mhimili, limelika, basi anapiga vitako vitatu sawasawa, cha nne anakivuta mguu kwanza ndipo anakipiga. Mimi niliposhika mimba ya kwanza alikuwa tayari anachechemea.

"Hivi," Fundi akasema, akagonga meza kwa vifundo vya vidole. Moja, mbili, tatu. Kisha kimya kidogo, cha kukufanya uiname. Halafu ya nne.

Kitinda akaweka kijiko chini. "Baba, rudia."

Hakusikia. Akaendelea kula.

"Baba!" Akamgusa mkono. "Rudia."

Akarudia, na akarudia tena, na yule binti akafumba macho akawa anatikisa kichwa taratibu. Nilikuwa na neno la kusema kuhusu adabu za mezani. Nimeliacha. Sijawaona wale wawili wakitazamana hivyo tangu Kitinda alipokataa kazi ya kukaa ofisini kwa Tajiri na kupiga chapa.

24 Machi, Jumapili

Leo sina hasira. Naandika kwa sababu sijui nifanye nini na mikono.

Mvua imeanza baada ya chakula cha mchana, na haikuanza kwa kudondoka, imemwagwa. Paa letu ni bati tupu, halina dari upande wa mbele. Ikinyesha hivi hatuongei, tunaonyeshana kwa vidole. Nilizima redio kwa sababu haikuwa na maana. Nilikuwa napinda upindo wa sketi, Fundi ameketi karibu na mlango, mgongo kwangu, anasoma gazeti, kidirisha kimefungwa.

Akakunja gazeti. Akageuka, uso wake mtulivu kabisa.

"Mvua imeacha?" akauliza.

Nilidhani ananitania. Fundi ni mtu wa utani mkavu, aliwahi kuniambia chumvi imezidi kwenye chai. Nikasubiri acheke. Hakucheka. Alikuwa anataka kujua, ili avae viatu aende kinyozi. Juu ya kichwa chake bati lilikuwa linapigwa kama linadaiwa roho.

Nikatikisa kichwa. Nikaonyesha juu kwa kidole. Akatazama juu. Akasimama, akafungua mlango, akaona maji yanavyochemka uani, akabaki amesimama pale, mkono kwenye kitasa. Nikaona shingo yake kwa nyuma, ile shingo ninayoijua kuliko yangu, ikilegea.

"Kumbe," akasema.

Akafunga mlango. Akarudi kwenye kiti akafungua gazeti lilelile, ukurasa uleule.

Mwiko wangu wote ule. Kufoka kwangu kote. Nilikuwa namgombeza mtu kwa kutosikia, na kweli alikuwa hasikii.

25 Machi, Jumatatu

Nimemwambia Muuguzi. Ameuliza, "Karakanani wanaziba masikio?" Nikamwambia Fundi anasema ukiziba masikio hutamsikia mashine akianza kuugua. Muuguzi akafyonza mpaka na mimi nikaona aibu.

30 Machi, Jumamosi

Anakataa kwenda hospitali. Eti ni nta tu masikioni.

2 Aprili, Jumanne

Amekwenda. Si nta.

Wamemfungia kwenye kijumba cha kioo, wamemvisha vitu masikioni, wakamwambia ainue mkono akisikia. Nimesimama nje nikimtazama. Alikaa na mkono wake pajani kama mwanafunzi ambaye swali halimhusu. Mara mojamoja aliuinua, na kila alipouinua alinitazama kwa fahari.

Daktari wa masikio amesema ni ile mashine. Imemla kidogo kidogo miaka yote hiyo. Kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki kinaendelea kwenda. Hawezi kusema kitaisha lini, ila asitegemee kufika mwaka. Sauti nzito anazipata bado, karibukaribu. Nyembamba zimekwisha.

Tumerudi kwa miguu chini ya mwavuli mmoja. Yeye ndiye aliyeanza kusema.

"Basi angalau nitapumzika na maneno yako."

Nimempiga kwa mkoba. Nimecheka, halafu nikalia, halafu tukasimama chini ya baraza la duka la viatu mpaka nikamaliza. Muuza viatu alidhani tunachagua.

6 Aprili, Jumamosi

Hasira. Nyingi.

Leo nimeyasikia maneno ya ule wimbo. Siku zote nilikuwa nasikia misumari tu, leo Kitinda aliimba polepole, bila kipaza sauti, kumwonyesha Ngongoti mahali pa kuingilia. Mimi nilikuwa nje ya mlango na beseni la nguo.

Mlinikunja ningali mbichi,
mkanikata kwa kipimo chenu,
nimegongwa hadi sisikii,
sasa nimekauka: nivunjeni.

Samaki mkunje angali mbichi. Msemo huo ni wangu. Nimewalea wote kwa msemo huo. Hakuna mtoto wangu asiyeujua, kila aliyechelewa kurudi au kuacha sahani mezani aliusikia. Leo nimerudishiwa, umepigiwa gitaa.

Kwa hiyo mimi nilimkunja. Mimi na kipimo changu. Nimeweka beseni chini pale pale mlangoni, na nguo zimebaki humo hadi jioni.

9 Aprili, Jumanne

Siongei na Kitinda. Namwekea chakula.

11 Aprili, Alhamisi

Kitinda amekuja chumba cha mbele akaketi kwenye kiti cha wateja, kile wanachokaa wakisubiri kupimwa.

"Mama, umeninunia."

"Nani? Mimi? Mtu aliyekukunja ukiwa mbichi ana haki gani ya kununa?"

Akafunika uso kwa mikono. "Kumbe umesikia."

"Nina masikio mimi. Kwa sasa."

Basi hapo ndipo alipolia, binti yangu anayeunguruma kama jenereta, akalia kwa sauti ndogo ya mtoto. Na akaniambia. Wimbo haukuwa wa kunisema mimi. Mwanzoni, ndiyo, alichukua maneno yangu kwa sababu ndiyo anayoyajua, na kwa sababu kweli kuna siku alijiona ndoo, ya kukatwa na kukunjwa ijazwe maji ya wengine. Hilo hakulificha, na sikumkatiza. Ila alipofika mstari wa tatu akaona kwamba anayeimba si yeye. Ni baba yake.

"Nimegongwa hadi sisikii. Mama, mimi nimejua tangu mwaka jana."

"Umejuaje?"

"Aliacha kunikosoa. Zamani nikiimba hata chooni alikuwa anapiga kelele, 'Umepanda sana, shuka!' Siku moja nikaimba vibaya makusudi. Nikaimba vibaya kabisa, nimesimama mbele yake. Akaniambia, 'Vizuri, mwanangu.'"

Mguu wangu ulikuwa juu ya pedali na nikaona kwamba nimeikanyaga, sindano inashona hewa.

Anachotaka ni hiki. Wimbo umekamilika isipokuwa ngoma yake. Kile kisanduku cha Ngongoti kinapiga sawasawa mno, hakina mtu ndani. Anamtaka Bi Chechea. Anataka kwenda karakanani na kinasa sauti, wamrekodi anavyochechemea, mkono wa baba ukiwa kwenye mpini wa nyenzo yake, kabla hajapakiwa kwenye lori. Na anataka kaseti iwe tayari wakati baba bado anapata zile sauti nzito, ili awe na wimbo mmoja wa mwanawe alioufikia.

"Asipousikia huu, mama, hatasikia mwingine."

Nimefuta machozi yake kwa kipande cha bitana. Tajiri nitamwendea mimi mwenyewe. Suruali zake zote nazipunguza mimi.

14 Aprili, Jumapili

Tajiri amekubali: Jumapili ijayo, karakana ikiwa imefungwa.

Nimemwambia Fundi, nikiwa karibu na sikio lake la kulia, ambalo lina nafuu. Nikamwambia Kitinda na mwenzake wanakuja kunasa sauti ya mashine yake waiweke kwenye wimbo. Akajifanya hajali. "Vijana hawana kazi," akasema. Akakaa. Akanywa chai yake yote. Kisha: "Ile ovaroli ya buluu imefuliwa?"

Nimefungua mfuko uliochanika, nimemshonea mpya, nyuzi mbili.

17 Aprili, Jumatano

Mvua, mvua, mvua. Fundi anapiga mluzi. Mluzi wenyewe hauna wimbo tena, lakini anapiga.

20 Aprili, Jumamosi

Fundi ameshinda karakanani ingawa leo si zamu yake. Amerudi amepakaa grisi hadi kwenye nyusi, amechoka, anachekacheka peke yake. Nimemuuliza alikuwa anafanya nini. "Kesho mtaona," akasema. Nimemchemshia maji ya kuoga, nikamsugua mgongo, nikamsifu bila kujua namsifia nini.

21 Aprili, Jumapili

Naandika yote, hata kama mkono utauma.

Tulikwenda wote wanne. Fundi mbele na ufunguo, ovaroli imepigwa pasi, ndevu zimenyolewa. Ngongoti amebeba kinasa sauti kifuani chini ya shati, kisilowe. Kitinda alinishika kidole njia nzima kama alipokuwa mdogo tukivuka barabara.

Ndani ya karakana kulikuwa kumefagiwa. Sijawahi kuona sakafu ile, siku zote ina vipande vya bati. Leo unaweza kuweka mtoto chini. Na Bi Chechea, yule bibi mweusi wa masizi ninayemjua mimi, alikuwa anang'aa. Amefutwa, amepakwa mafuta, hata lile gurudumu kubwa limesuguliwa kwa msasa. Nikasema moyoni, ah, mume wangu.

Ngongoti akapanga vitu vyake. Kitinda akainua kidole gumba. Fundi akavuta pumzi, akashusha nyenzo.

Mashine ikapiga. Moja, mbili, tatu, nne. Moja, mbili, tatu, nne. Sawasawa, laini, kama saa ya ukutani.

Kitinda akanitazama. Nikamtazama Ngongoti. Ngongoti akatazama kinasa sauti chake kana kwamba kosa liko humo.

Fundi alikuwa ametupa mgongo, hakutuona. Aliendelea kugonga vitako, vikatoka vizuri, vinane, kumi, vikapangana. Kisha akasimamisha, akageuka, uso wote umefunguka.

"Mmeona?" akasema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. "Nimemtia bushi jipya! Nimelichonga mwenyewe! Lile la zamani limekataa kutoka, nimelitoa kwa patasi vipande vipande. Haiwezekani wageni waje kumrekodi mtu anachechemea!"

Ndivyo alivyo. Ndivyo walivyo wote wa karakana ile. Mgeni hakaribishwi kwenye nyumba isiyofagiwa, na mashine haionyeshwi watu ikiwa na kilema. Miaka yote alimwacha achechemee kwa sababu hakuna aliyemtazama. Siku mwanawe alipotaka kumtazama, alishinda kutwa akimponya.

Nilimwona Kitinda akifungua mdomo. Nikajua sasa yatatoka yale ya misumari. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyeporwa. Akaufunga. Akaenda akamkumbatia baba yake, ovaroli safi na yote.

"Amependeza, baba," akamwambia sikioni, la kulia. "Amependeza sana."

Na wakarekodi. Ngongoti aligeuza kaseti upande wa pili kwa heshima zote, akarekodi mashine nzima kabisa isiyo na kasoro yoyote, ambayo hakuna aliyeihitaji.

Lakini Fundi si mjinga. Masikio yamekwenda, macho yapo. Tuliporudi alivua ovaroli akaitundika, akaja akasimama mbele ya meza yangu ya kukatia.

"Nimekosea nini?"

Sikuweza kulipigia kelele jambo kama lile. Nikachukua chaki ya kushonea, nikaandika kwenye kitambaa cheusi cha suruali ya watu: WALITAKA ACHECHEMEE.

Akasoma. Akasoma tena. Akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Achechemee," akasema. "Miaka yote hiyo nilikuwa namwonea aibu."

Kisha akaongeza jingine. Alisema jana hakujua kwa sauti kwamba Bi Chechea ameacha kuchechemea. Hamsikii siku nyingi. Alijua kwa miguu tu. Kwa nyayo, kupitia sakafu, alihisi ile ya nne imekuja mapema, akajua amepona.

22 Aprili, Jumatatu

Kitinda hakutoka chumbani. Hakuna kelele. Nimezitamani.

23 Aprili, Jumanne

Nilikuwa natia uzi sindanoni. Mbele yangu Fundi ameketi na kitako cha ndoo mapajani, kimoja cha vile vya Jumapili, anakitazama. Akanyoosha mkono akachukua nyundo yake ndogo kwenye sanduku la vifaa.

Akagonga. Moja, mbili, tatu. Kimya kile. Ya nne.

Mlango wa nyuma ukafunguka.

Fundi hakumwona Kitinda. Alikuwa amefumba macho, kisigino chake kinakanyaga sakafu, mabega yanakwenda na mzigo ambao haupo. Alikuwa Bi Chechea mtupu. Na haikuwa kuiga tu. Kuna mapigo ambayo ya nne inachelewa kidogo zaidi, na mengine inachelewa kidogo tu, na mimi niliyemsikia Bi Chechea kupitia madirisha ya mtaa tangu ujana wangu nikajua: bati zito, bati jepesi. Anayagonga mabati ya miaka yote, moja moja.

Kitinda akapiga magoti mbele yake, akaweka viganja vyake kwenye kile kitako. Fundi akafumbua macho.

"Hivi?" akauliza.

"Hivyo hivyo, baba," akasema, na kwa kuwa baba yake hakusikia, akaitikia kwa kichwa, sana, mpaka machozi yakamdondokea nyundoni. "Hivyo hivyo, usiache."

28 Aprili, Jumapili

Tumerudi karakanani. Mvua nje, lakini nyepesi.

Safari hii Ngongoti aliwasha mashine yeye mwenyewe, kwa kuonyeshwa, na Bi Chechea akaenda na hatua zake mpya za kimwinyi. Kando yake Fundi akasimama na nyundo na bati zima lililoning'inizwa kwa mnyororo, akaligonga kwa kuchechemea. Mashine ikitembea sawa, mtu akivuta mguu. Kila pigo la nne vilikosana kidogo, na katika ule mpasuko Kitinda akaingiza sauti yake.

Nimeolewa na kelele, nimezaa kelele. Sijapata kusikia kitu kama kile. Nilitaka kiishe na nilitaka kisiishe. Nadhani ndivyo alivyojaribu kunieleza siku ile ya ufagio na ndoo ya mchanga.

Fundi alikuwa anamtazama mdomo. Walipopumzika akanijia, jasho linamtiririka, lengelenge limeshatoka kiganjani.

"Anasema nini pale anapokunja uso?"

Nikamsogelea sikio. "Mlinikunja ningali mbichi!"

Akafikiri. "Huo si msemo wako?"

"Ni wangu!"

"Basi wakutaje," akasema, akarudi kwenye bati lake.

5 Mei, Jumapili

Kaseti imekamilika. Muuguzi amekuja, ameketi amejikunyata kama mtu anayesubiri sindano, yeye ambaye ndiye huwachoma watu.

Tumeiweka redio juu ya meza ya cherehani kwa sababu ni ya chuma na mbao nzito. Tukafungua sauti mpaka mwisho. Fundi akainama, akaweka sikio la kulia, akaliondoa. Nilimwona Kitinda akishika ukingo wa kiti. Kisha Fundi akaweka viganja vyote viwili juu ya meza, akavitandaza, akakanyaga pedali isiyoshona kitu ili nyayo zake ziguse chuma. Akatulia.

Ulipigwa mwanzo hadi mwisho. Ulipoisha, redio ikabaki inaunguruma tupu.

"Umepanda sana pale mwisho," akamwambia Kitinda. "Shuka."

Kitinda ameshangilia mpaka Muuguzi amemwaga chai.

Hakika sijui kama aliisikia ile sauti ya mwisho au amebahatisha. Sitamuuliza. Na sitaki mtu amuulize.

12 Mei, Jumapili

Jana lori limemchukua Bi Chechea. Fundi hakwenda kuangalia. Tajiri atampa kazi ya kuwafundisha wanaoendesha mashine mpya, na amewanunulia wote vya kuziba masikio. Muuguzi alimfuata ofisini, sijui alimwambia nini. Fundi amevaa vyake hata nyumbani, ili kunichokoza.

18 Mei, Jumamosi

Jua. Nguo zimekauka kabla ya saa sita. Bibi harusi ameleta gauni tena, lipanuliwe, na safari hii mbele kidogo. Nimempongeza.

Presha imeshuka. Daktari ameuliza kama bado naandika, nikamwambia mambo ya hasira yameniishia, naandika mengine tu. Kitinda na Ngongoti wamepeleka nakala ya kaseti kwa watu wenye redio, majibu hayajaja. Wanaanza wimbo mpya. Wameniomba wanase cherehani.

Jioni hii nimetenga chai. Fundi alikuwa dirishani, mgongo kwangu, anatazama anga. Masikio yake leo hayakushika kitu, si la kulia wala la kushoto. Nimejua kwa sababu sahani ilianguka ikavunjika nyuma yake, hakutikisika.

Sikumwita. Nimeweka kiganja mezani, ile meza inayogusana na dirisha alilokuwa ameliegemea. Nikagonga: moja, mbili, tatu. Nikasubiri. Ya nne.

Mabega yake yakainuka. Akageuka, anatabasamu.

"Mbona unafoka, mama watoto?" akasema. "Mimi nipo hapahapa."